Mpiga Mnada na Baiskeli ya Mtaliano

Vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na simu mziweke kando. Simwandiki mtu huyu ili mumlilie. Aliyetaka kulia alilia siku ya kuzika. Namwandika kwa sababu nawasikia mkimtaja ovyo, kila mmoja na lake: huyu anasema alikuwa mkali, yule anasema alikuwa mtakatifu, na hakuwa hata kimoja. Alikuwa mpiga mnada wa usharika wetu. Jina lake limeandikwa kwenye msalaba wake. Mwenye haja aende akasome. Sisi tulimwita Mpiga Mnada, na watoto walimwamkia hivyo hivyo, shikamoo Mpiga Mnada, naye akaitikia.

Kwa ninyi mliokulia mjini na sadaka mnatuma kwa simu, niwaeleze. Huku mlimani si kila mtu ana fedha Jumapili. Mwenye mkungu wa ndizi analeta mkungu, mwenye kuku analeta kuku, mwenye mayai au maharage au maziwa ya mgando analeta alichonacho. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapangwa kwenye meza mbele ya kanisa, na mtu mmoja anavinadi. Anayenunua anaweza kubeba akaenda zake, au akasema narudisha, na kitu kikanadiwa tena kwa ajili ya kanisa. Kuku mmoja aliweza kuuzwa na kurudishwa mpaka mwenyewe akachoka kushikwa. Kazi hiyo ya kunadi aliifanya yule mzee tangu nilipoolewa katika usharika huu mpaka sauti yake ilipokatika.

Wapiga mnada wengine nimewasikia, wanapiga kelele na kusema kuku huyu anataga asubuhi na jioni, na watu wanacheka. Yeye hakupiga kelele. Alichukua kitu, akakigeuza, akakitazama chini, ndipo akakitangaza pamoja na kasoro yake. Tulikuwa na tajiri mmoja mwenye malori aliyeleta jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa utepe shingoni kama bibi harusi. Mpiga Mnada alimpitishia kidole mbele ya macho, kulia, kisha kushoto. Akatangaza: jogoo huyu haoni jicho la kushoto, anawika vizuri, nani anaanza? Tajiri alinuna. Lakini jogoo alipiganiwa, kwa sababu watu walijua kwamba kasoro imekwisha kutajwa na nyingine haipo.

Keki ya mke wa mchungaji aliigeuza vilevile. Akasema juu ni nzuri, chini imeungua. Mama mchungaji alicheka kwa mdomo, macho hayakucheka. Jumapili iliyofuata alileta maboga.

Na mimi alinipata. Nilileta mayai yangu nimeyaosha yakang'aa, kwa kuwa nilifundishwa na mama mkwe kwamba kitu cha Mungu kinaoshwa. Aliyashika, akayanusa, akasema mbele ya watu wote kwamba mayai haya yameoshwa, yaliwe leo, kesho yataanza kuharibika. Nilirudi nyumbani nimefura. Jioni nilimfuata kwenye uzio wake na kumwambia kwamba amenivunjia heshima. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Hakuacha kukata. Aliniambia kwamba kasoro ukiitaja wewe mwenyewe ni sifa, akiitaja mnunuzi ni aibu, na mimi nilimwachia yeye aitaje, basi nishukuru hakuwa mnunuzi. Nikaondoka bila kumuaga. Tangu siku ile sijaosha yai la kupeleka popote.

Hapo mtasema, basi alikuwa mtu wa kweli tupu. Hapana. Msibani mtu huyu alikuwa mwongo.

Nasema mwongo na ninajua ninachosema. Usharika ulimpa pia kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, kwa sababu ya sauti. Watoto wa marehemu waliandika wao, yeye akasoma, lakini alikuwa akiongeza. Mlevi aliyewakimbiza wanawe usiku kwa panga, huyu alimwita nguzo ya ukoo. Mama mmoja aliyekuwa mchoyo mpaka chumvi anaikopesha kwa kijiko, Mpiga Mnada alisema mikono ya mama huyo haikujua kufumba. Nilikaa pale kwenye turubai nikimtazama. Baadaye nilimuuliza inakuwaje kuku anatajwa jicho lake bovu, na mtu mzima anapakwa asali. Akajibu bila kufikiri: kuku ananunuliwa, marehemu nani anamnunua?

Nilisema hilo si jibu. Akasema ndilo alilonalo.

Tena alikuwa anapaka nywele zake piko. Mzee mzima, mjane, mwenye wajukuu wanaosoma chuo Olmotonyi, kichwa cheusi kama sufuria ya kuni. Kila mwisho wa mwezi alishuka mjini kwa kinyozi mmoja wa Kijenge, akarudi na alama nyeusi kwenye kola ya shati. Wanawake wa kwaya walimcheka mpaka wakachoka. Siku moja nikamwambia wazi kwamba anatangaza keki za watu zilizoungua na huku yeye mwenyewe amefunika mvi. Akajishika kichwa kama anayehakikisha kipo. Akasema nywele si sadaka.

Hasira zake zilikuwa kwa mbwa na kwa watu wanaokuja kuchelewa. Chakula cha watu hakula, akisema watu wanapika kwa kutaka kusifiwa. Kwangu alikula, kwa sababu mimi sikumuuliza kama ni kitamu. Akikuta loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, anakaa, akikuta makande anakaa, akimaliza anasema chumvi imezidi, na sahani ni nyeupe. Mume wangu alipokuwa hai walikuwa wakikaa pamoja kimya mpaka jua linazama, na wote wawili wakasema wamezungumza vizuri. Mume wangu alipofariki aliendelea kuja, akakaa kwenye kiti kile kile, na kimya kile kile. Wasifu wa mume wangu ndiye aliyeusoma. Sitawaambia aliongeza nini.

Mjukuu wangu Elibariki, mtoto wa binti yangu Naomi, alipobatizwa, Mpiga Mnada ndiye aliyemshika. Alikuwa baba yake wa ubatizo. Jambo hili mlikumbuke, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata.

Sasa nije kwenye baiskeli.

Mpiga Mnada alizijua baiskeli kuliko alivyojua kuku. Alisema baiskeli kwa mtu wa Meru ni ya kushuka, kupanda unaisindikiza. Ujana wake alifanya kazi kwenye shamba la Mtaliano mmoja upande wa Momela, enzi za mashamba ya wageni. Mtaliano yule alikuwa na baiskeli ya mashindano, nyepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja, hendeli imekunjwa chini kama pembe za kondoo dume, na gia zinabadilishwa kwa vijiti viwili vidogo kwenye bomba. Alivaa kaptula ya kubana, akaendesha barabara ya vumbi mpaka anakuwa mwekundu wote, na watu wakasimama kutazama mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa. Kazi ya Jumamosi ya Mpiga Mnada ilikuwa kuisafisha baiskeli hiyo kwa mswaki na mafuta ya taa. Mtaliano alipofunga mizigo kurudi kwao, baiskeli aliiacha kwa mwinjilisti wa usharika wetu.

Mwinjilisti alikuwa mtu wa kazi. Baiskeli ya mashindano akaigeuza ya kwetu. Aliikunjua hendeli itazame juu, akamwambia mchomeleaji aiwekee karia ya chuma nyuma, akaifunga madigadi, akaipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa. Akabebea Biblia, ndizi, bati, mgonjwa. Alipofariki ikatundikwa kwenye stoo ya kahawa, ikakaa humo miaka na miaka ikitandwa utando na buibui, mpaka wanawe walipobomoa stoo na kumpa Elibariki.

Elibariki alikuwa na karakana yake Kijenge, chini ya mabati, pembeni ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuziba pancha na kukaza breki za baiskeli za wauza maziwa. Yeye alitaka zaidi. Alitaka kuwa fundi wa baiskeli za kale, zile ambazo watu wa mbali wanazitafuta. Alijifunza kwa kutazama simu, akaharibu za kwanza, akajua. Hii ya Mtaliano aliishughulikia kwa msimu mzima wa mvua na kiangazi chake. Alikata karia, akatoa madigadi, akaikunja hendeli tena chini, akakwangua rangi nyeusi akakuta chini yake rangi ya anga na vyuma vyeupe vinavyong'aa. Rimu na tairi nyembamba aliagiza kwa mtu aliyekuwa anatoka Ulaya. Alipoileta hapa nyumbani mara ya kwanza, nasema kweli, nilifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuigusa.

Akatokea mnunuzi. Alikuwa wakili, mtu wa Kilimanjaro mwenye ofisi mjini, Mlutheri mwenzetu, mpole, ambaye anakusanya baiskeli za zamani nyumbani kwake kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Alizijua. Alisema anaitaka ikiwa ni ya asili, yaani ni ile ile iliyotoka kiwandani, si mifupa ya baiskeli tatu iliyoungwa ikapewa jina la moja. Na akamwahidi Elibariki kwamba ikithibitika, zile zake nyingine zote mbovu atamletea yeye azitengeneze. Mnaelewa. Kwa kijana wa pancha, huo ulikuwa mlango. Wakili akauliza kama kuna mtu aliye hai anayeijua baiskeli hiyo tangu ilipokuwa ya Mtaliano. Elibariki akafurahi. Akasema yupo, tena ni baba yangu wa ubatizo.

Wakaja hapa kwangu Jumamosi mchana. Mimi na Naomi tulipika makande. Mpiga Mnada alikula, akasema chumvi imezidi, akanawa mikono akaikausha vizuri, kisha akaomba baiskeli ipinduliwe juu ya gunia, magurudumu yatazame juu.

Alianza mbele. Aligusa kila kitu kabla ya kukisema, kama alivyofanya mezani pa kanisa, ila sauti aliishusha. Hendeli ni yenyewe, ilikunjuliwa ikakunjwa tena, ufa hakuna. Uma wa mbele ni wenyewe. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye maungio ya mabomba, yale yaliyochongwa ncha kama jani la kahawa, akasema haya ndiyo yaliyokuwa yakinikwaruza. Rimu si zenyewe. Elibariki akasema kweli, babu, nimeshamwambia wakili. Vijiti vya gia ni vyenyewe. Alama za karia zinaonekana chini ya rangi ukitazama kwa pembeni, zimesawazishwa kwa mkono mzuri. Aliposema mkono mzuri nilimwona Elibariki akiinua kichwa. Mzee huyu hakuwahi kumsifia mtu aliye hai.

Wakili naye alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Akapapasa chini, pale penye krenki za pedeli, pale panapobeba uzito wote. Akapapasa tena. Kisha akauliza kwa upole namba iko wapi, maana baiskeli za kiwanda kile ziligongwa namba pale chini, na kwa namba hiyo ndiyo inajulikana imetengenezwa lini.

Elibariki akasema hakukuwa na namba. Kulikuwa na alama za kugongwagongwa, za mwinjilisti, naye alizipiga tupa zikaisha, akasawazisha, akapaka rangi.

Hapa niwaeleze, maana kosa hili ni la kwetu. Huku mlimani hakuna kitu kisichogongwa alama. Ndoo ya maziwa ikipelekwa kituoni imechanganyika na ndoo za watu mia, kwa hiyo kila mtu anagonga ya kwake chini kwa msumari na nyundo, herufi au msalaba au vidoti. Jembe limegongwa, sufuria ya kukopeshea msibani imegongwa, hata bakuli langu la unga limegongwa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba hii akikuta chuma kimegongwa chini, chakavu, kimejaa masizi na mafuta, anasema hii ni alama ya mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa mwinjilisti. Elibariki alitaka kumtoa mwinjilisti kwenye baiskeli ili abaki Mtaliano. Akamfuta Mtaliano.

Mpiga Mnada alibaki ameinama. Aliweka kiganja pale chini palipokuwa laini, akakaa nacho hapo.

"Mwinjilisti hakugonga kitu," alisema. "Hizo ndizo zilikuwa namba. Nimezisugua kwa mswaki, kila Jumamosi."

Kuku wangu mmoja alipita katikati ya magurudumu na hakuna aliyemfukuza. Uso wa Elibariki ulikuwa wa mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua na bado hajaona moshi.

Wakili hakukasirika, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alikaa kwenye kigoda, akafikiri, akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, unazikumbuka? Ukizitaja wewe, mimi nitaziamini. Nimeuliza habari zako mpaka mjini. Neno lako linanitosha."

Mpiga Mnada aliitazama baiskeli.

"Babu, jaribu," Elibariki alisema.

"Sizikumbuki."

"Hata mbili za mwanzo."

"Sizikumbuki, mwanangu."

Kisha akasimama, akanyoosha mgongo, na kwa sauti ile ya Jumapili, ingawa tulikuwa watu watano tu uani, akatangaza. Fremu ni ya Mtaliano, ni ile ile niliyoisafisha. Uma na hendeli ni vyenyewe. Rimu ni za kununua. Namba ilikuwepo, imepigwa tupa. Basi.

Wakili alishukuru. Akasema yeye moyoni anaamini kuwa ndiyo, lakini bila namba hawezi kuiweka pamoja na zile alizozithibitisha, itakuwa ni kuwadanganya watu wanaokuja kuzitazama. Akasema siku namba ikipatikana, popote itakapopatikana, wampigie simu, naye atatimiza alichoahidi, baiskeli hii na kazi ya zile nyingine. Akaondoka.

Elibariki aliigeuza baiskeli isimame.

"Babu," alisema, "leo umeninadi mimi."

"Nimenadi baiskeli. Ningekunadi wewe ningesema mengi."

Kijana hakusikia, au alisikia akakataa. Alisukuma baiskeli yake mpaka barabarani, akaondoka bila kuaga, na mama yake, Naomi, akamfuata akimwita. Mzee akabaki kwenye kiti chake. Nilimletea chai. Hakusema kama sukari imezidi.

Baada ya hapo Elibariki alinunua vyuma vya kugongea namba, vile vya mafundi, tangu sifuri mpaka tisa, ndani ya kisanduku cha bati. Naomi alipoviona alikuja mbio kuniambia. Nikamwita kijana, nikamuuliza anataka kufanya nini. Alisema sigongi ya uongo, bibi, mimi si mwizi. Anangoja babu akumbuke. Siku akikumbuka, vyuma viko tayari. Basi, anangoja babu akumbuke, lakini kwa babu haendi. Ikifika Jumapili, mnada ukianza, anapita nyuma ya kanisa. Nilimkemea. Akasema ndiyo bibi, akaendelea kupita nyuma ya kanisa. Baiskeli aliitundika ukutani kwenye karakana. Watu wakaingia kuitazama, wakaiacha, wakaleta pancha zao.

Wengine kwenye usharika walisema mzee alikuwa na roho mbaya, kwamba namba aliijua. Mtu anayekumbuka kuku wa tajiri alikuwa kipofu jicho lipi, anasahauje namba aliyoisugua ujana wake wote? Wengine walisema ni uzee. Mimi niliwahi kumuuliza mara moja tu, tukiwa tunachambua maharage. Alijibu kwamba mswaki hausomi.

Kisha akaanza kuugua. Kwanza sauti, ikawa ya kukwaruza, akampisha kijana mwingine kwenye mnada, na kijana yule akaanza kusema kuku anataga asubuhi na jioni. Kisha miguu. Kisha akabaki kitandani nyumbani kwa mwanawe, juu kidogo ya kwangu, na mkwewe akimwangalia vizuri, siwezi kumsema. Nilikuwa nikipanda kumwona na chupa ya uji. Nywele zilikuwa zimetoka nyeupe zote, hakuna wa kumpeleka Kijenge, na nawaambia alikuwa mzee mzuri kuliko yule wa piko. Sikumwambia.

Jumamosi moja alasiri nilimkuta macho yake yako wazi na yana akili. Siku zilizotangulia alikuwa na homa, hakumtambua hata mwanawe. Mkwewe alituacha akaenda kukamua ng'ombe. Mzee akaniuliza Elibariki hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza baiskeli. Nikasema iko ukutani.

Akaniambia nichukue kalamu. Nikasema sina kalamu, sema, nitashika.

Akataja namba. Alizitaja moja moja, polepole, kama anayezihesabu kwa vidole chini ya blanketi. Sitaziandika hapa. Kisha akasema mwambie agonge, na wakili aitwe.

Nilimtazama. Nilimjua mtu yule, vijana. Nilimsikiliza miaka yote, mbele ya kanisa na mbele ya makaburi, na sauti zake mbili nilizijua.

"Umezikumbuka lini?" nikamuuliza.

"Juzi."

"Juzi hukumjua mwanao."

Alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Hizo ni namba za baiskeli," nikasema, "au ni namba zako?"

Alitazama dari. Kisha akacheka, kicheko kidogo kikageuka kikohozi, nikamwinua akapumua.

"Mama Naomi," alisema, "ungefaa kupiga mnada."

Nikamfuta mdomo. Akasema yeye ndiye aliyemshika yule mtoto kwenye ubatizo, maji yakamwagikia mkono wake, na mtu ni lazima ampe mtoto wake kitu. Akasema hana kingine. Shamba ni la wanawe, ng'ombe ni wa mkwewe. Wakili atamwamini. Si wakili mwenyewe alisema neno lake linatosha?

Nikamwambia ndiyo maana. Linatosha, kwa hiyo usilitoe kwa hili.

"Kijana nilimfungia mlango."

"Alijifungia mwenyewe, kwa tupa yake, na hakujua. Wewe ulisema tu mlango umefungwa."

"Haji kuniona."

"Atakuja."

Akafumba macho. Sikujua kama amelala. Nilimfunika miguu, nikachukua chupa yangu, nikateremka.

Njiani nilizirudia zile namba kichwani, bila kutaka, kama wimbo wa watoto. Nilifikiri, nikizitaja tu, Elibariki anafungua kile kisanduku cha bati, wakili anakuja na gari, na mjukuu wangu anaacha kuziba pancha za watu. Nani angepoteza? Nilijiuliza hivyo kweli, msinione wa chuma. Nikajibu kwamba angepoteza yule mzee. Watu wale walinunua jogoo asiyeona upande mmoja kwa sababu ya mdomo wake, na mdomo huo ulikuwa umebakiwa na siku chache.

Nilifika nyumbani. Ilikuwa saa ya chakula, na kwa kuwa ni Jumamosi Elibariki alikuwa amepanda kutoka mjini, baiskeli ameiegemeza ukutani kwa sababu alikuwa na mpango wa kuiuza vipande vipande na alitaka kuniambia kwa adabu. Naomi alikuwa anapakua. Waliniuliza hali ya mgonjwa. Nikasema ana akili zake, amekuulizia wewe. Namba sikuzitaja, wala sijazitaja kwa mtu mpaka leo.

Sikukaa. Nilisimama na chupa yangu mkononi nikawaambia wote waliokuwepo: baiskeli hii haiuzwi kipande, na pale chini patabaki laini kama palivyo, asiguse mtu, hata nikifa, vile vyuma vya namba virudishwe dukani Jumatatu, na wewe Elibariki, kesho kabla ya kengele ya kwanza, tundika maziwa kwenye hendeli kwa kuwa karia uliikata, upande na baiskeli hii hii mpaka kwa baba yako wa ubatizo, uiingize mpaka kitandani aishike, na usitoke mle ndani mpaka ameinadi na kukutajia kasoro zake zote.